Gitaa Tupu

"Shemeji, muziki wake tumeutoa."

Mwongozaji wa filamu alisema hivyo mlangoni mwa ukumbi, mchana kweupe, watu wakipita na tiketi zao mkononi. Alisema polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Wote?" mke wa mpiga gitaa aliuliza.

"Wote. Wenye filamu yao wamesema unasinzisha. Tumemchukua kijana mmoja, ameweka ngoma na vinanda. Nilishindwa hata kukupigia simu."

Mke alimtazama mumewe. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mbele ya bango, anaitafuta sura yake kati ya sura za watu. Shati lake jeupe alilipiga pasi mwenyewe tangu asubuhi, hakutaka kusaidiwa.

Mjini alijulikana kwa gitaa. Waliojua kwamba aliwahi pia kuigiza walikuwa wachache, na waliojua walicheka. Alipewa nafasi ya mwizi, akawaomba radhi waliokuwa wakimfukuza. Alipewa nafasi ya maiti, akapumua. Uongo ulikuwa haumkai usoni, basi. Safari hii walimpa nafasi ya seremala aliyefiwa na mwanawe, mtu asiyetamka neno filamu nzima, na muziki wote akautunga yeye mwenyewe.

Aliurekodi huku sikio lake la pili likizimika. La kwanza lilikuwa limeshamuaga. Alikuwa akibana kidevu kwenye mbao za gitaa apate kusikia anachopiga, na mwongozaji alipodai ngoma, aligoma katakata. "Seremala analia," alisema. "Ngoma za nini? Gitaa tupu." Baada ya hapo, kimya. Daktari alisema hakuna la kufanya. Ule ndio uliokuwa muziki wake wa mwisho, na hawa wameupangusa kama makombo mezani.

"Usimwambie," mke alisema.

"Lakini shemeji, si atakuja kujua?"

"Hasikii. Nani atamwambia? Mpe mkono, mkaribishe, uende zako."

Mwongozaji akaenda akampa mkono. Mzee wa watu akamkumbatia.

Ukumbi ulikuwa wa zamani, wenye sakafu ya mbao inayolia kila mtu akipita. Walikaa safu ya nyuma. Mume akavua viatu.

"Vipya hivi, vinanibana," akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Wawili watatu wakageuka kumtazama. Kisha akamnyooshea mkewe kiganja. Ndivyo walivyokubaliana nyumbani: gitaa likianza, mke ampigie kwa kidole, ajue wamefika wapi.

Taa zikazimwa. Seremala akatokea kwenye skrini, anapiga ubao randa, peke yake. Hapo ndipo gitaa lilipopaswa kuingia. Zikaingia ngoma, tena za kishindo hadi mbao za sakafu zikatetemeka, na vinanda vikilia juu yake.

Mke aliona aibu utadhani kazipiga yeye. Akakishika kile kiganja hivyo hivyo, akaanza kuupiga wimbo aliousikia jikoni miezi yote ile, hadi ulipomwingia kichwani bila kutaka. Haikuwa kazi rahisi. Ngoma zinamvuta huku, kidole kinatakiwa kwenda kule. Alikosea, akarekebisha, akakosea tena. Alitamani kulia. Mume alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu.

Katikati ya filamu akamgeukia.

"Ule wimbo wa mlangoni wameubakiza?"

Mke akageuza uso upande wenye mwanga, ili mume asome midomo yake vizuri.

"Wameubakiza."

"Na nyingine?"

"Zote, baba watoto. Hawakugusa kitu."

Akampapasa mkono, akarudi kwenye filamu yake.

Lilibaki tatizo moja, majina. Kusikia hasikii, lakini kusoma anasoma. Na huyu bwana hakuwahi kutoka ukumbini kabla ya jina la mwisho kupita. Wanamuziki huandikwa mkiani, alizoea kusema, na asiyewasubiri hana adabu. Safari hii mkiani kungekuwa na jina la mtu mwingine. Kwa hiyo mke alikuwa ameshapanga: seremala akifika kufunga karakana yake, yeye atashika kifua, akohoe, aseme anakosa hewa. Mungu angemsamehe.

Seremala akashika mlango wa karakana. Mke akavuta pumzi, akapeleka mkono kifuani.

Mume alikuwa ameshasimama, viatu mkononi.

"Twende zetu, mama watoto. Humu joto."

Mke hakuamini bahati yake. Walitoka haraka, na alipochungulia nyuma, jina la kwanza ndiyo kwanza lilikuwa likipanda.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mume akakaa kwenye ngazi, akapangusa vumbi la ukumbi kwenye nyayo zake, akaanza kuvaa viatu. Mke akasimama mbele yake kumkinga jua, na kwa mara ya kwanza tangu waingie akapumua vizuri. Yamekwisha. Hili angekwenda nalo kaburini.

"Umefurahi?" akamuuliza, taratibu, aone midomo.

"Sana. Umenipigia vizuri."

Akafunga kamba za kiatu cha kwanza. Cha pili kilimsumbua kidogo. Kisha, bila kuinua uso, akasema kwa sauti ya chini ambayo mke hakuwa ameisikia tangu masikio yalipokufa:

"Ukimwona huyo aliyepiga ngoma, mwambie ana mkono mzuri."