Pale Palipobonyea

Msasa ulipomaliza kuila puti iliyojazwa kwenye boneti, Kitwana alikaa sakafuni mwa gereji aliyoijenga uani kwake. Chini ya puti, bati lilikuwa limebonyea, upana wa kiuno cha mtu. Hakukosea kulinunua gari hili kuukuu. Ndilo lililomgonga na kumuua dada yake, ingawa mwenye gari wa zamani, Bwana Mshangama, aliapa mbele ya mji mzima kwamba halijagusa hata kuku.

"Linyooshe upake rangi, baba watoto, yaishe," mkewe alimsihi.

"Nitanyoosha kwingine kote."

Na kweli alikata kutu, akachomelea bati jipya milangoni, akapiga rangi ya maziwa kama ya zamani. Hata lile bonde alilipaka taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka likang'aa kama bakuli. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, akaliegesha mbele ya baraza ya Mshangama.

Mzee alishuka kwa bashasha. "Gari langu! Mashaallah, limerudi ujanani!" Akalizunguka akilipapasa, mpaka mkono ukafika kwenye boneti. "Hapa umesahau kunyoosha, fundi."

"Sikusahau, mzee," Kitwana alisema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Hapo ndipo alipoangukia dada yangu Mwanahawa."

Watu wakasimama, kanzu kwa kanzu. Mshangama aliutazama mkono wake uliotulia ndani ya lile bonde, na hakuna aliyemwona akiuondoa.