Mnyama wa Miguu Miwili

Jumanne, tarehe 9 Juni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la kibanda cha mlinzi, na manyunyu yalikuwa yakikatika na kurudi.

Mlinzi alisimama katikati ya njia, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia mbuzi.

"Mama, leo hapapitwi."

"Basi nizungukie upande gani?" aliuliza mgeni.

Alikuwa mwanamke wa makamo, begi mgongoni, buti zimelika visigino. Alikuwa ametembea kutoka njia panda peke yake, bila mwenzake wala wa kumwonyesha njia. Watalii wa namna hiyo mlinzi aliwajua. Wabishi. Wanataka kuiona michoro ya kale bila kuongozwa, kisha wanapotelea vichakani na yeye ndiye anayetumwa kuwatafuta.

"Simama upande huu, baba, ndipo useme," alisema mgeni akigeuza kichwa. "Sikio hili lilishakufa."

Mlinzi akarudia kwa sauti kubwa. Leo kampuni ya kokoto inakuja kuvunja mwamba. Ruhusa zote imeshapewa huko mjini. Kilichobaki ni fundi wa baruti, na fundi mwenyewe upande huu ni mmoja tu. Wengine wote ni wanafunzi wake. Akifika huyo, michoro iliyokaa pale tangu kabla ya mababu wa mababu itakuwa kokoto za barabara kabla ya jioni.

"Nami simpishi," alisema mlinzi. "Nitalala papa hapa njiani. Akitaka, anipite juu ya tumbo."

"Kwa tumbo hilo, atahitaji ngazi," alisema mkewe kutoka kibandani.

Mkewe alikuwa akipuliza mkaa wa chai. Alimwekea mgeni kiti karibu na jiko. Mgeni alikisogeza mbali kabisa na cheche, ndipo akaketi.

"Mimi tangu alfajiri niko magotini," mke aliendelea. "Namwomba Mungu ampoteze njia huyo bwana na masharubu yake."

"Masharubu yake umeyaona wapi?" aliuliza mumewe.

"Mtu wa kulipua mawe atakosaje masharubu?"

Mgeni alicheka kidogo. "Mimi ningeomba afike mapema."

"Mama, wewe u mzima kweli?" aliuliza mlinzi.

Mgeni alikuwa akiutazama mwamba uliosimama juu ya kibanda, ukungu ukianza kuupisha. "Nyumba iliyo karibu zaidi na mwamba huu ni ipi?"

"Kama ni pa kulala, utalala kwetu," alisema mke. "Yetu ndiyo ya kwanza, hapo nyuma."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akasimama. "Niacheni nikauone."

"Nitakupeleka," alisema mlinzi.

"Hapana, baba. Jiwe silitembelei na watu. Nikiwa na watu, nasikia watu."

Mlinzi alitaka kukataa. Kisha akawaza kwamba mtu mmoja zaidi aliyeiona michoro ni shahidi mmoja zaidi, akampisha. Lakini hakumwamini. Alimfuata kwa mbali, akajibanza nyuma ya kichaka.

Alimwona akiligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akitega sikio lake zima, akisogea, akigonga tena. Watalii wengine hupiga picha. Huyu alipitisha kiganja kwenye nyufa kama mkunga anayepapasa tumbo.

Ndipo akaifikia michoro. Watu wembamba, wekundu, safu nzima, mmoja wao amebeba mtoto mgongoni. Mwishoni mwa safu alikuwapo mnyama mwenye pembe, shingo, mgongo na miguu ya mbele tu. Mkono wa mgeni ulibaki hewani. Hakugonga tena.

Mlinzi alishindwa kuvumilia, akatoka kichakani. "Huyo hakumaliziwa. Hakuna ajuaye kwa nini."

"Mchoraji aliitwa," alisema mgeni. "Labda mtoto alilia. Akaona haidhuru, atamalizia kesho." Aliushusha mkono. "Mimi niliambiwa hapa kuna jiwe tupu."

"Nani alikudanganya hivyo?"

Lakini mgeni alikuwa ameshapiga magoti. Mlinzi hakuwa na ugomvi na mtu anayeomba. Naye alivua kofia.

Walikuwa bado wameinamisha vichwa waliposikia lori likinguruma bondeni.

Walipofika chini, mke wa mlinzi alikuwa amekwisha kulala chali kwenye matope, katikati ya njia, macho ameyafumba, midomo ikimchezacheza kwa sala. Mlinzi akajitupa kando yake. Lori likafunga breki. Vibarua wakaruka chini na kusimama, hawajui wacheke au wawainue. Msimamizi wa kampuni akashuka na mwavuli wake, akawazunguka wale wawili kama mtu anayekwepa dimbwi.

"Yuko wapi fundi wenu?" mlinzi alifoka kutoka chini. "Aje mwenyewe! Aje anitazame usoni!"

Msimamizi alikwenda moja kwa moja hadi kwa mgeni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama fundi. Utusamehe, kubeba baruti kwenye barabara hii si mchezo. Umeshaona pa kuanza kutoboa?"

Mke wa mlinzi alifumbua jicho moja.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mgeni. Akavua begi, akaliweka juu ya nyasi kavu chini ya paa la kibanda, akaja akalala kwenye matope kando ya yule mke. Kisha akapaza sauti ili kila kibarua asikie.

"Muwe mashahidi wangu nyote, mbele za Mungu: mkono huu hautatoboa mwamba huu, na mwanafunzi wangu yeyote atakayetumwa kuutoboa atanikuta nimelala papa hapa."