Dawa Hujaniuliza

"Tumbo linakusumbua kiasi gani?" kijana wa bima ya maisha aliuliza kwenye simu.

"Si mbaya," Noelene akajibu. Hapa Broken Hill, mji wetu wa migodi huku Australia, ndivyo tunavyojibu, hata mguu ukiwa umevunjika.

"Mama, kompyuta yangu haina pa kuandika 'si mbaya'. Ukienda chooni, unatoka damu?"

Noelene akautazama mlango wa choo. Ulikuwa wazi. Tangu mumewe afariki, hakukuwa na haja ya kuufunga.

"Natoka," akasema.

"Tangu lini?"

Basi akamwaga yote. Vidonda vya utumbo tangu usichana. Nguo za akiba kwenye buti la gari. Harusi ya binti yake, aliyoisikiliza kutoka chooni, kofia mpya ikiwa magotini, huku watu wakishangilia nje bila kuuliza mama yuko wapi.

Kijana hakumkatiza. Alisema tu, "Halafu?" Na mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Pole sana, mama."

Chai mkononi mwa Noelene ilikuwa imepoa, maziwa yamefanya utando juu. Hakuinywa, asije akapitwa na neno.

"Samahani, mama," kijana akasema hatimaye. "Kwa hali hii hatuwezi kukukatia bima."

"Usijali, mwanangu. Wenzako wa kampuni ile nyingine nao walikataa. Na wale wa kabla yao."

Kijana akaanza kuaga. Noelene akaweka kikombe chini, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Lakini dawa hujaniuliza," akasema. "Wao waliniuliza."