Sukari Imeruhusiwa

"Pita, mama," ofisa wa forodha alimwambia Haula alipoteremka mtumbwini, upande wa Msumbiji. "Serikali imeruhusu sukari ya Tanzania. Wageni wa mradi wa gesi wanataka chai."

"Tangu lini?"

"Juzi tu."

Haula hakupita. Sukari iliyovuja kwenye gunia kichwani ilikuwa imeyeyuka kwa jasho, ikimtiririka shingoni na kunata. Mwezi uliopita, sukari ikiwa bado marufuku, mumewe alivuka Ruvuma kwa kujificha, kule kwenye mkondo mkali. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana.

"Haula! Njoo unipokee!"

Sauti ya mumewe ilitoka mtoni. Ofisa hakugeuka hata kidogo.

Haula akalitua gunia, akaikaza kanga kiunoni.

"Nakuja, mume wangu," akajibu, akaingia majini.