Shuka kwa Miguu Yako

Kamba ya kufungia shehena ilikatika baharini ikampiga Shekue kiunoni. Walipotia nanga bandarini, nahodha alimsimamisha juu ya ngazi.

"Shuka kwa miguu yako, bwana. Daktari wa bandari yuko pale chini. Ukibebwa, atauliza umeumia wapi."

"Si nimeumia humu humu, kepteni?"

"Ukitembea, safari ijayo una nafasi. Ukibebwa, utajijua."

Wakubwa ndivyo walivyo. Baharia akishuka mwenyewe, kesho watasema aliumia mitaani, ajitibu. Shekue alilijua hilo.

Daktari akainua uso. Shekue akakaa kitako palepale kwenye ngazi, akafumba macho, akangoja abebwe. Nyuma yake akasikia buti za nahodha zikisogea.