Beseni la Mtoto

Kila kitu kilichonunuliwa dukani kilikuwa na alama iliyopima hatari yake kwa watu waliomo nyumbani wakati huo. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu huua. Beseni la kumwogeshea mtoto lilikuwa kijani siku zote arobaini tangu azaliwe.

Arobaini ilipotimia, Bi Mwanakombo alibeba mkoba wake. "Haya, sasa mwenye mtoto ni wewe," alimwambia bintiye Saumu, akaondoka.

Alama ya beseni ikageuka nyekundu.

Saumu aliisugua kwa kidole, haikutoka. Akalitupa beseni uani. Aliporudi chumbani, alama ya mto ilikuwa nyekundu. Ya shuka pia.

Mtoto akaanza kulia. Kilio kile hakikuwahi kumgusa Saumu, wala hakuwahi kumwambia mtu.

Akamlaza mtoto katikati ya mkeka, akampigia mama yake simu.

"Nimesahau nini?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Hujasahau kitu, mama. Rudi tu. Rudi sasa hivi."

Saumu akatoka nje, akakaa barazani, mikono kaibana mapajani. Akachungulia dirishani.

Ndani, mtoto alikuwa bado analia, na alama zote zilikuwa kijani.