Mikato ya Mzinga wa Kwanza

Kasilda alikwangua mkato wa marehemu mumewe kwenye mzinga wa kwanza wa nyuki, unga wa mti ukamwangukia miguuni. Hakulia.

Mzinga huo ndio unaoisemea safu nzima ya mizinga ya porini Mwamkulu: kila mwenye haki ana mkato wake, akifa hufutwa, na mikato ikiisha, mizinga ni ya yeyote.

Ulibaki mkato wa mwanawe, aliyekwenda manamba, kibarua cha mkataba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akawa kimya.

“Futa na huo, shemeji,” alisema mdogo wa marehemu, kamba ya kupandia iko begani. “Yule si wa kurudi. Au utapanda miti kurina asali wewe?”

Kasilda aliupapasa kwa kidole gumba. Kisha akageuza kisu, akaanza kuchanja mwingine, wake mwenyewe, pembeni ya huo.